Kuku Ameongezewa, Mtoto Bado

Ingia duka lolote la dawa za mifugo Chamazi, Mbande au Bunju, pembezoni mwa Dar es Salaam, uliza premiksi ya kuku wa mayai. Ukiletewa, igeuze usome mgongoni. Utakuta orodha ndefu ya vitamini, kisha madini: manganizi, zinki, shaba, chuma, madini joto, na karibu na mkia wa orodha, seleniamu. Kisha vuka barabara uende dukani kwa Mangi, ugeuze na mfuko wa unga wa ngano. Humo utasoma chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Seleniamu haimo.

Sisemi hivi kuwasuta wenye viwanda vya kusaga. Wao wanatia walichoamriwa na kanuni za urutubishaji wa vyakula za mwaka 2011, zile ambazo Rais Jakaya Kikwete alizizindulia mpango wa kitaifa Mei 2013. Ninachosema ni kwamba mfugaji wa kuku mia mbili nyuma ya nyumba yake Toangoma analishughulikia kila wiki jambo ambalo mama anayekaanga maandazi nyumba ya pili hajawahi kulisikia. Na sababu si siri. Kuku aliyepungukiwa seleniamu humtia mwenyewe hasara ndani ya wiki chache: vifaranga huvimba maji chini ya ngozi, misuli hulegea, mayai hayaanguliwi vizuri. Hasara inaonekana, inahesabika, inauma mfukoni. Mtoto wa binadamu aliyepungukiwa kidogo haanguki. Anaendelea kwenda shule, anaugua mafua yanayokawia kuondoka, na hakuna anayeandika hasara hiyo kwenye daftari.

Seleniamu iligunduliwa mwaka 1817 na mkemia wa Sweden, Jöns Jacob Berzelius, na kwa zaidi ya karne moja ilijulikana kama sumu tu. Kwenye nyanda za South Dakota huko Marekani, ng'ombe na farasi waliochunga mahali ambapo udongo una seleniamu nyingi walimwaga manyoya ya mikia na kwato zikawang'oka. Ilipofika katikati ya karne ya 20 ndipo wanasayansi walipobaini kwamba sumu hiyohiyo, kwa kiasi kidogo mno, mwili hauwezi kuishi bila yake. Inaingia katika vimeng'enya vinavyozuia chembe za mwili zisiungue kwa oksijeni yake yenyewe, na katika vile vinavyoamsha homoni za tezi ya shingo. Wataalamu wa lishe wa Marekani wanaweka mahitaji ya mtu mzima kwenye mikrogramu 55 kwa siku na mpaka wa hatari kwenye mikrogramu 400. Punje moja ya chumvi ya mezani ina uzito unaokaribia hizo 55. Kwa hiyo tunazungumzia punje moja ya chumvi kwa siku, na punje saba au nane ndizo zinazokupeleka kubaya. Madini yenye mlango mwembamba hivyo yanataka mtu mwenye mizani, na mizani ndiyo habari yenyewe ya makala hii.

Tuanze na kitafunwa cha asubuhi. Ukipita Mbagala Rangi Tatu saa kumi na mbili alfajiri, au Tegeta Nyuki, au pembeni ya soko la Tandika, utaona jiji linavyoamka: karai za mafuta, maandazi, chapati zikipinduliwa, hafukeki kwenye ndoo za plastiki zenye mfuniko, mikate ya slesi ikishushwa kutoka kwenye guta. Vitumbua vya mchele vipo, mihogo ya kukaanga ipo, lakini ngano imetawala. Kwa mtu wa pembezoni anayetoka nyumbani kabla ya jua kuwahi kibarua mjini, ngano ndiyo chakula kinachobebeka, kinachoshibisha, na kinachouzwa kwa shilingi zilizomo mfukoni. Watoto wa shule vilevile. Wengine wanakula ngano asubuhi na kuirudia jioni.

Sasa ngano hiyo inatoka wapi? Mahitaji ya Tanzania yamekuwa yakitajwa kuwa kama tani milioni moja kwa mwaka, na mashamba yetu kwa miaka mingi yametoa tani laki moja au pungufu. Iliyobaki inakuja kwa meli: Urusi, Ukraine, Australia, Kanada, Argentina, Ujerumani, kulingana na bei ya msimu na vita vya mwaka huo. Vita vya Ukraine vilipolipuka Februari 2022, mama wa maandazi alijua ndani ya wiki chache kwamba Bahari Nyeusi ipo, kwa sababu andazi lake lilipungua ukubwa. Alichokuwa hajui, na hakuna aliyemwambia, ni kwamba meli ikibadili bandari ya kupakilia, unga unabadilika hata kama rangi, harufu na chapa ya mfuko ni zilezile.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ngano ya sehemu nyingi za Ulaya Magharibi huwa na seleniamu kama miligramu 0.02 hadi 0.05 kwa kilo. Ngano ya nyanda za Marekani na Kanada inaweza kufika 0.3, 0.5 au zaidi. Chukua mtu mzima anayekula gramu 200 za unga kwa siku, kwa maandazi na chapati. Akila ngano yenye 0.02 anapata mikrogramu 4. Akila yenye 0.5 anapata mikrogramu 100. Mtu yuleyule, mpishi yuleyule, karai lilelile. Hakuna kirutubishi kingine kwenye mkate kinachopanda na kushuka namna hii kwa sababu tu ya mahali ngano ilipolimwa.

Waingereza walipitia jambo hili wakiwa wamefumba macho. Hadi miaka ya 1970 mikate yao iliokwa kwa ngano nyingi kutoka Kanada na Marekani. Walipoingia katika soko la pamoja la Ulaya mwaka 1973, ushuru na teknolojia mpya ya kuoka viliwasukuma kutumia ngano yao na ya majirani zao. Mkate haukubadilika ladha kiasi cha mtu kulalamika. Lakini ulaji wa seleniamu ulishuka kutoka mikrogramu 60 hivi kwa siku hadi karibu nusu yake ilipofika miaka ya 1990. Nchi nzima ikapungukiwa bila kukosa mlo hata mmoja. Wao walau walikuwa na maabara zilizokuwa zikipima vyakula mwaka baada ya mwaka, ndiyo maana leo tunaweza kusimulia mkasa wao.

Hapa ndipo huwa napishana na marafiki zangu wapenzi wa mbegu za asili. Kila mjadala wa lishe ukianza, hawachelewi kusema: turudi kwenye ngano ya zamani, ngano ya mababu, hizi za kisasa zimekondeshwa. Nawaelewa, na kwa madini fulani hawajakosea. Huko Rothamsted, Uingereza, kuna shamba la majaribio liitwalo Broadbalk ambalo limelimwa ngano tangu mwaka 1843 na kuhifadhiwa sampuli za kila zama. Watafiti walipozipima walikuta zinki, chuma na shaba kwenye punje vilishuka baada ya mbegu fupi zenye mavuno makubwa kuingia miaka ya 1960. Mmea unaojaza wanga mwingi kwenye punje huyatawanya madini yaleyale katika mzigo mkubwa zaidi. Kwa zinki na chuma, basi, mbegu ina neno, na ndiyo maana watafiti wa Asia Kusini wamefanikiwa kuzalisha ngano zenye zinki nyingi.

Seleniamu ina tabia nyingine. Mmea hauitambui kama kitu cha pekee. Unaifyonza kupitia milango ileile unayopitishia salfa, kwa kuwa kikemia hizi mbili ni ndugu. Kilichopo kwenye udongo ndicho kinachopanda. Watafiti wa Australia na Ulaya walipopanda aina nyingi za ngano, za kale na za sasa, pamoja na jamaa zake wa mwituni, katika mashamba mbalimbali, tofauti kati ya shamba na shamba iliimeza tofauti kati ya mbegu na mbegu. Ngano ya babu ikipandwa kwenye udongo mkavu wa seleniamu itakuwa na seleniamu ya udongo huo, basi.

Halafu, kwetu sisi, ngano ya babu ni ipi? Mtama tunao, ulezi tunao, uwele tunao. Ngano ya nyanda za juu za Tanganyika ililetwa na wamisionari na walowezi, haina hata miaka mia mbili. Mbegu zetu zilizotoka kituo cha utafiti cha Selian, Arusha, zina majina mazuri ya ndege, Mbuni, Tai, Mbayuwayu, Chiriku, lakini ukoo wake unapita Mexico na Njoro ya Kenya. Mtu akitaka ngano ya kale ya kweli aende Ethiopia, au avuke maji hadi Oman, ambako mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikuta kwenye mabonde ya milimani wakulima bado wanapanda ngano za maganda za enzi za Mafarao. Ni urithi wa kulindwa kwa sababu nyingi, ukame na magonjwa yakiwemo. Kwa seleniamu ya mtoto wa Yombo hazina msaada.

Tuna hata mfano wa nyumbani wa jinsi udongo usivyosafirishwa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi mwanzoni mwa ile ya 1990, Kanada ilitusaidia kulima ngano Hanang. Mashamba saba ya shirika la umma la NAFCO, Basotu likiwa mojawapo, yalichukua kama ekari laki moja, ardhi ambayo Wabarbaig walikuwa wakichungia na kuzikia wazee wao. Walikwenda mahakamani miaka ya 1980 na kilio chao hakijaisha hadi leo. Wakanada walileta matrekta, mashine za kuvunia, mbegu na wataalamu kutoka kwenye nyanda zao za ngano, ambazo ni miongoni mwa nyanda zenye seleniamu ya kutosha duniani. Kila kitu kilipakiwa melini isipokuwa hicho kimoja, na katika ripoti zote za tani kwa hekta hakuna aliyekuwa na haja ya kukiuliza.

Labda msomaji atauliza: mbona viazi lishe vimefaulu? Kweli vimefaulu, na waliovizalisha wanastahili sifa yao. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa watu wanne wa kazi hiyo: Maria Andrade, Jan Low, Howarth Bouis na Mganda Robert Mwanga. Mbegu kama Kabode na Ejumula zimevuka kutoka Uganda hadi mashamba ya Kanda ya Ziwa, na Kibaha hapa jirani ilitoa za kwake, Mataya na Kiegea. Lakini kiazi lishe kinatengeneza chenyewe kile tunachokitaka. Ile rangi ya chungwa ni malighafi ya vitamini A, mmea unaiunda kwa jua, maji na hewa. Seleniamu haiundwi na mmea wowote. Ama ipo ardhini, ama mtu ameiweka.

Rangi nayo ina mambo yake. Wazee wetu wanakumbuka mahindi ya njano ya msaada wa Marekani, ugali uliobatizwa jina la Yanga kwa sababu ya jezi, na jinsi ulivyoliwa kwa kununa. Mahindi ya njano yenye vitamini A yaliyotolewa nchini miaka ya karibuni bado yanaubeba mzigo wa kumbukumbu hiyo. Seleniamu haina rangi, ladha wala harufu. Faida yake ni kwamba hakuna atakayeisusa. Hatari yake ni kwamba hakuna atakayejua ikikosekana, na hakuna atakayejua ikizidi.

Wafini walilimaliza suala hili kwa njia ambayo nadhani inatufaa kuliko zote, ingawa si kwa ngano inayotujia kwa meli. Finland ina udongo maskini wa seleniamu. Mwaka 1984 serikali yao iliamua kwamba mbolea za viwandani zitiwe chumvi ya seleniamu. Mmea ukaifyonza, ukaigeuza kuwa sehemu ya protini, ng'ombe wakala majani, watu wakala mkate na kunywa maziwa. Katika miaka michache ulaji ulipanda kutoka mikrogramu 40 hivi hadi zaidi ya 100 kwa siku. Na hapa ndipo ninapowavulia kofia: hawakukaa wakishangilia. Walikuwa wakipima udongo, nafaka, maziwa, nyama na damu za watu kila mwaka, wakaona imezidi walichokusudia, na mwaka 1990 wakapunguza kiwango. Sheria yao ilikuwa na breki.

Kwetu, mbolea ya ruzuku iliyoanza msimu wa 2022/2023 inapita mikononi mwa serikali, ina mifumo ya usajili wa wakulima, ina mdhibiti wake, TFRA. Mbolea hiyo inaweza kubeba seleniamu hadi kwenye mahindi ya Songea, Njombe, Mbeya na Rukwa, ambayo ndiyo sembe ya Dar es Salaam. Jirani zetu wa Malawi wamekwisha kujaribu shambani: wamepima mahindi wilaya kwa wilaya, wakakuta sehemu kubwa ya nchi ina upungufu isipokuwa maeneo ya udongo mweusi wa mfinyanzi kama bonde la Shire, na wakaonyesha kwamba gramu chache za seleniamu kwa hekta zinatosha kuipandisha kwenye punje. Sehemu kubwa ya udongo wa nyanda zetu za juu kusini ni wa tindikali, na kwenye tindikali seleniamu hung'ang'ana na udongo isipande mmeani. Kama ningepewa fedha ya kupima mahali pamoja tu, ningeanzia huko, mpakani mwa Malawi.

Ngano inabaki nje ya mpango huo, kwa kuwa hatuwezi kumwagia mbolea shamba la mkulima wa Rostov, Urusi. Kwa ngano ya meli mlango ni mmoja: kinuni, pale ambapo chuma na zinki huongezwa tayari. Na kuna jambo la kiufundi linalorahisisha. Chuma na zinki ya ngano hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, kwa hiyo ukisaga unga mweupe sehemu kubwa inakwenda na pumba. Seleniamu imo ndani ya protini, imeenea hata kwenye sehemu nyeupe, na unga mweupe hubaki na sehemu kubwa yake. Kiwango cha ngano iliyoshushwa bandarini kinakupa picha nzuri ya andazi la Mbagala.

Hata hivyo sitaki mtu yeyote asome mpaka hapa akaanza kudai seleniamu itiwe unga kesho. Ninazo sababu mbili, na zote zimetoka kwetu, hazikutoka Ulaya.

Ya kwanza ni Kongo. Kwenye kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, watu waliishi na rovu kubwa na watoto waliodumaa mwili na akili kiasi kisichoelezeka kwa ukosefu wa madini joto peke yake. Mwaka 1987 watafiti wa Kibelgiji na wenzao wa huko walichapisha kwamba watu wa kisiwa hicho walikuwa na upungufu mkubwa wa seleniamu pia, juu ya muhogo wenye sumu inayoibana tezi. Ilionekana jibu limepatikana. Kisha, kaskazini mwa nchi hiyohiyo, watu waliopungukiwa vyote viwili walipewa seleniamu kabla ya madini joto. Homoni zao za tezi, ambazo zilikuwa chini tayari, zikashuka zaidi. Mwaka 1991 wakaandika onyo kwamba seleniamu isigawiwe ovyo mahali ambapo madini joto hayajatosheleza. Sisi tumekuwa na chumvi yenye madini joto tangu miaka ya 1990, nashukuru, lakini waulize wanaopima chumvi inayouzwa kwa kipimo cha kopo gengeni kama yote ina madini joto ya kutosha, usikilize watakavyojibu kwa tahadhari.

Sababu ya pili ni Dar es Salaam yenyewe, na inanishangaza jinsi tulivyoisahau. Wanawake wa jiji hili walikwisha kutoa damu yao kwa ajili ya swali la seleniamu. Watafiti wa Muhimbili wakishirikiana na wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwafuatilia wajawazito zaidi ya 900 wenye virusi vya UKIMWI, na mwaka 2004 wakachapisha kwamba wale waliokuwa na seleniamu kidogo zaidi mwilini ndio waliofariki mapema zaidi. Mtu mwenye haraka angesema: wapeni. Wao hawakuwa na haraka. Walifanya jaribio la pili, tena kwa wanawake zaidi ya 900, nusu wakipewa mikrogramu 200 za seleniamu kila siku kuanzia ujauzito hadi miezi 6 baada ya kujifungua, nusu wakipewa kidonge kisicho na kitu. Majibu ya mwaka 2008: wingi wa virusi haukupungua, chembe za CD4 hazikuongezeka. Upande wa watoto dalili zilikuwa mchanganyiko, nyingine za kutia moyo, nyingine za kutia wasiwasi. Ugonjwa wenyewe hushusha seleniamu kwenye damu, kwa hiyo kiwango kidogo kinaweza kuwa alama ya kuugua badala ya chanzo chake.

Mwaka huohuo wa 2008, Marekani walisimamisha jaribio la wanaume zaidi ya 35,000 lililopima kama seleniamu na vitamini E zingewakinga na saratani ya tezi dume. Haikuwakinga. Nawataja kwa sababu ya vile vichupa vya vidonge vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa ya barabarani na mitandaoni, vikiahidi kinga, nguvu na ngozi nyororo. Aliyeshiba seleniamu haongezewi kitu na kidonge isipokuwa kukaribia ule mpaka wa 400.

Kwa hiyo tumerudi kwenye mizani. Tafiti zetu kubwa za afya ya jamii zinapima mambo mengi; ule wa mwaka 2010 ulipima hata madini joto, chuma na vitamini A. Ule wa 2022 ulituambia kwamba watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Seleniamu haikuwekwa kwenye orodha, na kitu kisichopimwa hakina mtetezi kwenye kikao cha bajeti. Taasisi ya Chakula na Lishe (TFNC) ipo tangu 1973. Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu 2019 linasimamia usalama wa chakula, lipo bandarini. Wataalamu wapo Sokoine, wapo Muhimbili. Kinachokosekana ni mtu mmoja mwenye mamlaka kuagiza kipimo.

Najua watakaonijibu: una nini wewe, watu hawana chuma ya kutosha, bei ya unga imepanda, vinu vidogo vya Manzese na Tandale havitii hata hivyo virutubishi vilivyoagizwa, na wewe unatuletea madini ya punje ya chumvi. Hoja hiyo ina uzito. Isingekuwa busara kuanzisha kampeni mpya, na semina, na fulana zenye nembo. Lakini kupima si kampeni. Na kuna upande wa pili wa hoja hiyohiyo: kama upungufu upo, unawakuta walewale ambao mlo wao umebanwa kwenye vitu viwili, sembe na ngano. Mwenye uwezo wa Mbezi Beach anakula samaki, mayai, nyama na korosho, na seleniamu yake inatoka pembe kumi tofauti. Ngano ya Ukraine au ya Kanada kwake ni mamoja. Wa Mbande mwisho hana akiba hiyo. Meli ikibadilika, yeye ndiye anayebadilika.

Dagaa wangemsaidia. Samaki wengi wana seleniamu nzuri, na dagaa wanaliwa wazima, vichwa na miiba, pamoja na madini yote waliyonayo. Fungu la dagaa wa Mwanza lilikuwa mboga ya mtu asiye na kitu. Sasa fungu limekuwa dogo na bei imekuwa kubwa, kwa sababu sehemu kubwa ya dagaa wa Ziwa Victoria inaishia kwenye viwanda vya chakula cha mifugo, kuku wakiwamo. Sina ugomvi na wafugaji, nakula mayai yao na yana seleniamu yake. Ila ningependa kuona mpango wa uvuvi unaomhesabu mlaji wa Tandika pamoja na mnunuzi wa magunia, na hilo linataka makala yake.

Ninachokitaka sasa ni kidogo na kinaweza kuanza bila sheria mpya. Meli ya ngano ikifunga gati Dar es Salaam, sampuli huchukuliwa kwa sababu nyingine: unyevu, protini, sumu kuvu. Kwenye fomu hiyo uongezwe mstari mmoja wa seleniamu. Kama mashine zetu hazisomi viwango vidogo kiasi hicho, gramu hamsini za ngano zinasafirishika kwa ndege kwenda maabara inayosoma, kwa gharama isiyofika posho ya kikao kimoja. Wakati huohuo zikusanywe sampuli za sembe kutoka vinu vya Tandale, Mbagala na Tegeta, zikiwa na jina la mkoa mahindi yalikotoka, na damu kidogo kwa hiari kutoka kwa wajawazito wanaohudhuria kliniki za Temeke na Kinondoni, ambao tayari wanatoa damu ya vipimo vingine. Matokeo yatangazwe kwa majina ya nchi na mikoa, na kila mwenye kinu aandike kwenye mfuko nchi ambayo ngano yake imelimwa. Mifuko ninayoiona dukani inataja mtaa wa kiwanda na kunyamaza kuhusu shamba. Misimu miwili ya kazi hiyo itatupa jedwali ambalo hatujawahi kuwa nalo. Hapo ndipo TFNC waje na pendekezo la kutia au kutotia, kwenye mbolea au kinuni, kwa kiwango gani na kwa breki gani, nasi wengine tulisome tukiwa na takwimu zetu mkononi.